Taa ya LED ya kujitengenezea kwa tangi la sentimita 90

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina tangi la samaki la maji baridi, urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45. Nilibandika utepe wa LED wa volti 12 chini ya mfuniko wa plastiki, mita 5 nzima nikaupitisha huku na huku. Nauwasha asubuhi, nauzima usiku wakati wa kulala. Baada ya miezi mitatu sehemu nzima nzima zimezimika, zilizobaki zimegeuka njano, vioo vimejaa mwani na mimea inanyong'onyea. Sasa nataka kutengeneza taa mwenyewe kwa LED za wati 3. Ninunue nini, niziunge vipi, na nifanyeje zisiungue? Kulehemu vitu vidogo vidogo najua, lakini mimi si fundi umeme.

JIBU: Salama, ndugu. Tuanze na utepe uliokufa, maana kilichouua kitaiua na taa mpya usipokizuia mapema.

Utepe wa volti 12 ni vipande vidogo vidogo vilivyoungwa sambamba. Kila kipande kina LED 3 na rezista. LED tatu nyeupe zinachukua kama volti 9.6, na volti 2.4 zinazobaki zinateketea kwenye rezista. Moja ya tano ya umeme wako ilikuwa inapasha mfuniko tu. Plastiki haipitishi joto, kwa hiyo joto hilo, pamoja na la LED zenyewe, lilikaa palepale. Gundi laini inayofunika utepe ikaiva, ndiyo njano unayoiona. Mvuke nao ukaingia kwenye ncha zilizokatwa ukala shaba. Kipande kimoja kikikatika, LED zake tatu huzimika pamoja, na shaba ya njiani ikiliwa, vipande vyote vya mbele yake hukosa umeme.

Mwani na mimea kufa vinaonekana kama mambo mawili yanayopingana, lakini chanzo ni kimoja. Mwanga hafifu unaowaka saa 14 haufiki chini kwenye changarawe kwa nguvu ya kuufaa mmea, ila kwenye kioo karibu na mfuniko unatosha sana mwani, tena kwa muda mrefu. Mmea dhaifu hauli virutubisho, mwani unavila. Kwa hiyo unahitaji mwanga mkali zaidi kwa saa chache zaidi.

Mkali kiasi gani? Tangi lako ni lita 182 kwa vipimo vya nje. Ukitoa changarawe, mawe na nafasi ya juu, maji ni kama lita 150. Kanuni ya wenye matangi ya mimea ni hii: lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10 hadi 20 kwa lita zinatosha mimea ya kivulini kama Anubias na jamii ya Microsorum; 20 hadi 40 ni mimea ya wastani; zaidi ya hapo unaingia kwenye mimea inayodai gesi ya kaboni ya kuongezwa. Kanuni hii ni ya kukadiria tu, kwa sababu lumeni hupima jicho la binadamu wala si jani, lakini kwa LED nyeupe na kimo cha sentimita 45 haipotoshi sana. Lenga lumeni 4,300 hivi, karibu 29 kwa lita, kisha uzipunguze. Taa yenye akiba inayowashwa nusu inadumu kuliko taa iliyobanwa hadi mwisho.

Sasa LED zenyewe. "Wati 3" ni jina la biashara zaidi kuliko kipimo. Ukiipa LED ya aina hiyo miliampea 700, inachukua kama volti 3.2, na 3.2 mara 0.7 ni wati 2.24. Ya ubora wa kawaida inatoa kama lumeni 100 kwa wati, yaani 215 kwa LED moja. LED nyeupe 20 zinakupa lumeni 4,300. Ongeza nyekundu 4 za nanomita 660. Hizi jicho halizioni vizuri, kwa hiyo usizihesabu kwenye lumeni, lakini jani linazila vizuri kwa kuwa klorofili a ina kilele cha kunyonya mwanga karibu na nanomita 662. Pia zinafufua rangi ya samaki wekundu, ambao chini ya LED nyeupe tupu huonekana kama wamepauka. Nyeupe ziwe za kelvini 6,500 (weupe wa mwanga wa mchana), na kama zipo chagua zenye kielezo cha uhalisi wa rangi cha 80 kwenda juu. Zile taa za zambarau za kukuzia mimea achana nazo. Mimea itakua, lakini hutapenda kulitazama tangi lako, na tangi liko sebuleni ili litazamwe.

Nunua LED ambazo tayari zimelehemiwa kwenye kibati cha alumini chenye umbo la nyota, kipenyo milimita 20. LED tupu isiyo na kibati hutaiweza kwa mkono. Na ongeza tatu za akiba kutoka kundi lilelile, kwa sababu ukirudi dukani miezi sita baadaye, nyeupe ile haitakuwa nyeupe hii.

Jambo linalowaangusha wengi ni kudhani LED inalishwa volti. LED inalishwa mkondo. Balbu ya zamani ukiipa volti zake inajipimia yenyewe, LED haijipimii. Volti ikipanda kidogo tu, mkondo unaruka. Tena LED ikipata joto, volti inayohitaji inashuka, kwa hiyo kwenye umeme wa volti moja isiyobadilika mkondo unaongezeka, joto linaongezeka, mkondo unaongezeka tena, hadi inaungua. Ndiyo sababu ya kutumia draiva ya mkondo thabiti: inashikilia miliampea 700 na kuziacha volti zijipange zenyewe kulingana na idadi ya LED.

Ziunge LED kwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya inayofuata, ili mkondo uleule upite kote. Usiunge misururu miwili sambamba kwenye draiva moja. Hazifanani kamwe, mmoja utavuta 400, mwingine 300, na siku LED moja ya huu ikikatika, ule mwingine unabaki na miliampea zote zilizokusudiwa wawili. Kila msururu na draiva yake.

Kwako, misururu miwili ya LED 12: nyeupe 10 na nyekundu 2 kila mmoja. Nyekundu ya 660 inachukua volti 2.2 tu. Hesabu: 10 mara 3.2 ni 32, ongeza 4.4, jumla volti 36.4. Zikiwa baridi zinaweza kufika 40. Draiva ndogo ya Mean Well LDD-700H inafaa hapa. Inapokea umeme wa moja kwa moja wa hadi volti 56, inatoa miliampea 700, na inahitaji volti za kuingia zizidi za kutoka kwa kama volti 3. Pawa saplai ya volti 48 inakidhi hilo na nafasi inabaki. Ukikuta LDD-700HW ichukue hiyo: ni ileile, ila ina nyaya badala ya pini, hutahitaji bodi ya kuichomekea. Kila msururu ni wati 25.5, kwa mbili pamoja na upotevu wa draiva ni kama wati 54, yaani ampea 1.1 kwenye volti 48. Nunua ya ampea 2. Saplai inayofanya kazi nusu ya uwezo wake haipati joto.

Kwenye joto usibane matumizi. Kati ya wati 51 zinazofika kwenye LED, karibu 31 zinageuka joto, na joto hilo halitoki mbele pamoja na mwanga. Linatoka mgongoni, kupitia kibati, kwenda kwenye alumini, kisha hewani. Kila kiungo cha mnyororo huo lazima kiwe kizima.

Kwa alumini isiyo na feni, jipe sentimita 50 za mraba za uso kwa kila wati ya joto, ukihesabu pande zote zinazoguswa na hewa. Kwa wati 31 ni sentimita 1,550 za mraba. Chukua chaneli mbili za alumini zenye umbo la U, kitako milimita 40, miguu milimita 20 kila mmoja, unene milimita 2 au 3, urefu sentimita 84. Ukikunjua chaneli moja ina upana wa sentimita 8. Pande mbili ni 16. Mara 84 ni 1,344. Chaneli mbili zinakupa kama 2,690. Hapo umejihakikishia hata kama chumba kina joto, hata kama vumbi limejaa. Miguu ya U itazame juu na LED zikae upande wa nje wa kitako, ili hewa moto ipande bila kizuizi. Ukigeuza miguu chini joto linatuama ndani ya mfereji. Na usifunike taa kwa sanduku la mbao lisilo na matundu kwa ajili ya kuipendezesha. Hesabu yote hapo juu inadhani hewa inapita. Alumini iliyotiwa rangi ya kiwandani isiyobanduka hutoa joto kwa mnururisho vizuri kuliko inayong'aa, kwa hiyo usihangaike kuipiga msasa yote. Sugua pale tu LED inapokaa.

Pima na uweke alama. LED 12 kwa nafasi ya sentimita 7 kutoka kituo hadi kituo zinachukua sentimita 77, zinabaki 3.5 kila mwisho. Nyekundu ziwe nafasi ya 4 na ya 9, na kwenye chaneli ya pili zianze ya 3 na ya 10, zisikabiliane. Toboa matundu mawili ya milimita 3 kwa kila LED, kingo za kibati zikae kwenye skrubu. Baada ya kutoboa, ondoa makali ya tundu kwa keekee kubwa uliyoishika kwa mkono. Kimkunjo cha nusu milimita kinatosha kuinua kibati, na kibati kilichoinuka hakipozwi hata upake grisi kopo zima.

Grisi ya kupitisha joto weka tone la ukubwa wa punje ya mchele chini ya kila kibati, ukibonyeze huku ukikizungusha mpaka kishike. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana. Tabaka nene linazuia joto badala ya kulipitisha. Skrubu za M3 zivae washa za nailoni, kwa sababu kichwa cha skrubu kinagusa kirahisi kidoa cha kulehemia na kupiga shoti hadi kwenye alumini. Kaza kwa zamu, kushoto kidogo, kulia kidogo.

Kulehemu kwenye kibati cha alumini kunawachosha wengi bila wao kujua kwa nini. Kibati kimeumbwa kunyonya joto, na kikishafungwa kwenye chaneli, chaneli nzima inanyonya joto la chuma chako cha kulehemia. Kwa hiyo kabla ya kufunga, paka risasi vidoa vyote vya LED zikiwa juu ya kipande cha mbao. Tumia chuma cha wati 60 chenye ncha pana, nyuzi 350 hivi, kidoa kimoja kisizidi sekunde 3. Ncha nyembamba ya kazi za simu haibebi joto la kutosha; utashikilia sekunde 15 na LED itaungua wakati risasi bado haijatiririka. Ncha za nyaya nazo zipake kabla. Ukishafunga LED, unagusanisha tu risasi na risasi. Waya wa milimita 0.5 za mraba, wenye nyuzi nyingi, unabeba miliampea 700 bila shida.

Kabla ya kuwasha chochote, shika multimeta. Kwenye kipimo cha diodi, LED nyingi zitawaka kwa mbali ukigusa chanya na hasi. Hapo unakamata iliyogeuzwa. Kisha pima kati ya kila kidoa na alumini. Hapatakiwi mguso wowote. Ukikuta mguso, legeza skrubu za LED hiyo na utafute kichwa au unyuzi wa waya uliotoroka. Kasoro hii usiiachie umeme ndiyo uigundue.

Kuunga draiva (Vin ni upande wa kuingizia umeme, Vout wa kutolea): chanya ya saplai kwenye Vin+, hasi kwenye Vin−, chanya ya msururu kwenye Vout+, hasi ya msururu kwenye Vout−. Kuna makosa mawili yasiyosameheka hapa. Ukigeuza Vin, draiva inakufa papo hapo. Na ukiunganisha Vout− na Vin− kwa kudhani "hasi zote ni moja", mkondo hautadhibitiwa tena na msururu mzima utaungua. Hasi ya LED si hasi ya saplai; iache ielee.

Kuna na la tatu, linaloua LED nzima nzima bila mtu kuelewa kilichotokea: kuunga LED wakati draiva tayari ina umeme. Draiva isiyo na mzigo inapandisha volti zake hadi mwisho ikitafuta pa kupitisha mkondo. Ukigusisha waya wakati huo, zile volti zilizojazana zinamwagika kwenye LED kwa kishindo kimoja. Zima ukutani, subiri dakika moja, ndipo uunge au utenganishe. Hili linahusu hata kiunganishi kilicholegea kinachogusa na kuachia, kwa hiyo tumia viunganishi vya kukaza kwa skrubu, si vya kusokota kwa mkono.

Waya wa DIM wa LDD ndio wa kupunguza mwanga. Ukiachwa wazi, taa inawaka yote; ukiungwa Vin−, inazima. Kati ya hapo unaupa mapigo ya PWM, yaani kuwasha na kuzima kwa haraka, ya volti 5, kati ya hetsi (mapigo kwa sekunde) 100 na 1,000. Kibodi kidogo cha kuzalisha PWM chenye kitufe na namba kinatosha. Huhitaji kujua kuandika programu. Kilishe kwa chaja ya simu ya volti 5, na hasi yake uiunganishe na Vin− ya draiva zote mbili. Hii ndiyo hasi pekee unayoruhusiwa kuunganisha. Weka hetsi 500 kwenda juu, la sivyo kila picha utakayopiga kwa simu itakuwa na mistari.

Umeme wa ukutani na maji ya tangi usivipe nafasi ya kukutana. Saplai iwe ya kutenganisha, yaani ina transfoma ndani inayotenga upande wa ukutani na upande wa volti 48. Iwekwe pembeni ya tangi, si juu yake wala si kwenye kabati chini ya bomba la kichujio. Alumini yote iungwe na waya wa erthi wa plagi. Soketi ipitie swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Bila hiyo usiweke mkono kwenye maji taa ikiwaka. Kila waya unaokwenda kwenye soketi ushuke kwanza chini ya soketi halafu upande, ili tone linalotiririka juu yake lidondokee sakafuni. Na jihadhari na mataa makali ya kumulika nje (floodlight) ya bei nafuu: mengi draiva yake imo kwenye bodi ileile ya LED na haina transfoma, kwa hiyo kila kidoa kina umeme wa ukutani. Yakiwa mazima, yenye kioo na erthi, yaning'inizwe sentimita 30 juu ya maji na ni njia halali kwa asiyetaka kulehemu, ingawa mwanga unatoka sehemu moja na pembe za tangi zinabaki gizani. Usiyafungue kuchukua vipuri.

Kwa tangi la kimo cha sentimita 45 huhitaji lenzi. LED tupu inatawanya mwanga kwa nyuzi 120 hivi, na chaneli zikikaa sentimita 8 hadi 10 juu ya maji, safu mbili zikiwa zimeachana sentimita 20, miduara ya mwanga inaingiliana vizuri. Lenzi za nyuzi 60 ni za mtu aliyening'iniza taa mbali au mwenye tangi refu kwenda chini; kwako zingeleta vidoa vikali na giza katikati. Kwa kuwa mwanga wa nyuzi 120 utakuchoma macho ukikaa mbele, funga upapi wa alumini wa sentimita 4 upande wa mbele.

Chini ya LED weka kioo cha akriliki cha milimita 3, kikishikiliwa na bolti na spesa za milimita 15, kisiguse LED. Kinapoteza kama asilimia 8 ya mwanga na kinazuia matone yote. Maungio ya risasi yapake vanishi ya akriliki, ukikwepa kuba ya LED. Silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki usiitumie karibu na LED. Asidi yake inakula shaba, na mvuke wake unaweza kuipaka kuba weusi. Ukihitaji silikoni, iwe ile isiyo na harufu ya siki. Chaneli mbili ziunge kwa vipapi viwili vya alumini, uzining'inize kwa waya wa chuma kutoka darini au uzipe miguu inayobana ukingo wa tangi. Hata zikiwa na miguu, zifunge na kamba ya usalama.

Siku ya kuwasha, anza na DIM asilimia 20, bila maji ikiwezekana. Baada ya dakika 10 gusa alumini karibu na kila LED. Zote ziwe na uvuguvugu unaofanana. Moja ikiwa kali kuliko jirani, grisi yake haijashika. Panda hadi 50, kisha 100 kwa saa nzima. Alumini ikikushinda kushika kwa sekunde tano, imepita nyuzi 55 hivi na unahitaji chuma zaidi au hewa zaidi. Taa ikiwa asilimia 100, pima volti kati ya Vout+ na Vout−. Unatarajia kati ya 34 na 39. Andika namba hiyo kwa wino kwenye chaneli, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia siku za mbele. Ikishuka ghafla kwa volti 3, LED moja imepiga shoti ndani. Ikipanda hadi karibu 48 na taa imezima, kuna mahali pamekatika. Kupatafuta ni rahisi: zima, subiri, kisha jaribu LED moja moja kwa kipimo cha diodi hadi uikute isiyowaka.

Hitilafu nyingine zina sura zake. Msururu unaowaka vizuri na kuzimika baada ya nusu saa, kisha kurudi ukipoa, karibu kila mara ni ungio la risasi lisiloshika: alumini inatanuka na kulivuta. Lipashe upya. Taa inayopepesa kwa kipimo kilekile, waka-zima-waka-zima, ni saplai iliyozidiwa inayojikata na kujirudisha. LED iliyogeuka bluu kuliko wenzake imeungua unga wake wa njano, kwa kuwa LED nyeupe ni ya bluu iliyofunikwa unga huo. Ibadilishe, na ukague kibati chake kabla ya kulaumu LED.

Ukihitaji kipimo cha mwanga chenyewe, tumia programu ya simu inayopima lux (mwanga unaoangukia mahali) kwenye tangi tupu, simu ikilala chali juu ya changarawe. Mimea ya wastani inataka maikromoli (kipimo cha mwanga unaoufaa mmea) 30 hadi 50 kwa mita ya mraba kwa sekunde. Kwa LED nyeupe za kelvini 6,500, maikromoli 1 ni kama lux 70, kwa hiyo unatafuta lux 2,100 hadi 3,500. Simu hazifanani, lakini simu ileile itakuonyesha tofauti kati ya katikati na pembeni, na hilo ni la maana zaidi kuliko namba kamili.

Kwa tangi lisilo na gesi ya kaboni, anza na asilimia 50 kwa saa 6 kwa siku, kwa taima, si kwa kumbukumbu. Kila wiki mbili ongeza asilimia 10 au nusu saa, si vyote viwili, na usivuke saa 8. Mwani ukirudi, rudi hatua moja nyuma. Kwanza lakini kwangua vioo na ubadilishe theluthi ya maji kabla ya kufunga taa mpya, maana mwani uliopo tayari utafurahia mwanga mkali kabla mimea iliyochoka haijapata nguvu. Majani yaliyokwisha kuoza yakate. Hayatafufuka, machipukizi ndiyo ya kuangalia, na yanachukua wiki tatu au nne.

Kioo cha akriliki kifute kila wiki kwa kitambaa laini chenye siki kidogo. Chokaa inayorukia na mapovu ya kichujio inajenga utando mweupe polepole kiasi kwamba jicho halioni.